Kwa nini ndege ndogo huishia shambani: hesabu ya mita katika viwanja vya magharibi mwa Kenya

Ndege ndogo inapopita mwisho wa uwanja wa nyasi na kusimama kwa pua katikati ya shamba la mahindi, maswali mawili hufika kabla vumbi halijatulia. La kwanza ni kama breki zilikataa. La pili ni nani alaumiwe. Nimeyasikia Kisumu, nimeyasikia Bungoma, na kila mara naona kwamba yameanzia mahali pasipofaa, kwa sababu yote mawili yanachukulia kuwa ajali ilitokea pale magurudumu yalipogusa ardhi. Mara nyingi sivyo. Katika ajali nyingi za aina hii breki zilikuwa nzima, injini ilikuwa nzima, na nafasi ya kusimama ilikuwa imekwisha dakika kadhaa kabla ndege haijafika kwenye nyasi. Makala haya yanaeleza jinsi nafasi hiyo inavyoliwa, mita kwa mita, bila kifaa chochote kuharibika.

Tukiweka kando Kisumu na Eldoret, ambako kuna mnara wa kuongozea ndege, kikosi cha zimamoto na lami ya kilomita tatu na zaidi, ukanda huu unategemea viwanja vidogo ambavyo wasafiri wengi hawavijui: Kabunde ulio Homa Bay, Suneka ulio Kisii, Lichota wa Migori, Matulo wa Bungoma, Kerenga wa Kericho, Naishi ulio ndani ya mbuga ya Ziwa Nakuru, pamoja na vile vya Busia, Kakamega, Kitale na visiwa vya Rusinga na Mfangano. Baadhi vina lami, vingine ni changarawe au nyasi tupu, na katika vingi hakuna mtu wa kumwambia rubani upepo unatoka wapi wala kama kuna ng'ombe njiani. Hata hivyo thamani yake ni kubwa. Madaktari wa ndege wa shirika la afya la AMREF, ambao huduma yao ilianzishwa mwaka 1957, walijenga kazi yao juu ya imani kwamba ndege ndogo inaweza kumfikia mgonjwa ambaye barabara ingemchelewesha hadi afe, na imani hiyo haina maana pasipo ukanda wa ardhi tambarare wa mita mia chache. Siandiki ili mtu aviogope viwanja hivi. Naandika kwa sababu tunaishi navyo na hatuvielewi.

Ni lazima kwanza tutenganishe aina za ajali, kwa maana redioni zote hutangazwa kwa jina moja. Tarehe 24 Januari 2003, ndege ya injini mbili aina ya Gulfstream iliyowabeba mawaziri ilipaa kutoka Busia, ikagonga nyaya za umeme na kuanguka; Waziri wa Leba Ahmed Khalif na marubani wote wawili walifariki. Hiyo ilikuwa ajali ya kupaa. Tarehe 5 Juni 2018, ndege aina ya Cessna Caravan iliyotoka Kitale kuelekea Nairobi ikiwa na watu 10 iligonga mlima katika safu ya Aberdare, na hakuna aliyenusurika. Hiyo ilikuwa ajali ya safarini, mbali na uwanja wowote. Ajali ya kutua ni jambo jingine kabisa. Miongoni mwa ndege ndogo, ndiyo ajali inayotokea mara nyingi kuliko nyingine zote, na pia ni miongoni mwa zile zinazoua watu wachache, kwa sababu ndege iko chini, mwendo wake umepungua, na msaada uko karibu. Aghalabu watu hutoka kwa miguu yao wenyewe, huku ndege ikibaki imevunjika.

Sasa tuingie kwenye hewa, maana hapo ndipo hesabu inapoanza. Bawa hubeba uzito wa ndege kwa kupita hewani kwa kasi. Hewa ikiwa nzito, kasi ndogo inatosha. Hewa ikiwa nyepesi, bawa linahitaji kwenda kasi zaidi ili kubeba uzito uleule. Kinachoifanya hewa kuwa nyepesi ni mwinuko na joto, na magharibi mwa Kenya tumejaliwa vyote viwili. Hata uwanja wa Kisumu, ulio ukingoni mwa Ziwa Victoria, uko takribani mita 1,150 juu ya usawa wa bahari. Kitale uko karibu mita 1,850, na Eldoret unazidi mita 2,100.

Tuchukue uwanja wa kubuni ulio futi 5,000, yaani mita 1,500 hivi, sawa na mji wa Kakamega. Kwa kipimo cha kawaida cha kimataifa, hewa ya mwinuko huo hutarajiwa kuwa na nyuzi 5 za Selsiasi. Alasiri ya joto, kipimajoto kinasoma nyuzi 25. Kila nyuzi moja inayozidi ni kama kuupandisha uwanja kwa futi 120, kwa hiyo nyuzi 20 za ziada zinaupandisha kwa futi 2,400. Ramani inasema futi 5,000, lakini ndege yenyewe inahisi futi 7,400, juu kuliko uwanja wa Eldoret ulivyo kwenye ramani.

Mtego uko hapa. Kipima mwendo kilicho mbele ya rubani hakipimi kasi ya ndege juu ya ardhi; kinapima msukumo wa hewa. Kwa kuwa bawa nalo linahitaji msukumo uleule, rubani anashika namba aliyoizoea, tuseme kilomita 110 kwa saa, na anafanya sawa kabisa. Lakini katika hewa hiyo nyepesi, kilomita 110 za kwenye kipimo ni takribani kilomita 123 juu ya ardhi. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba nishati inayopaswa kumalizwa kabla ndege haijasimama hukua kwa kasi mara kasi: kasi ikiongezeka kwa asilimia 12, nishati inaongezeka kwa asilimia 25.

Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Uingereza huwapa marubani wa ndege ndogo vizidishio vya kukadiria urefu wa kutua, na sijaona njia bora zaidi ya kumweleza jambo hili mtu asiye rubani. Tuseme kitabu cha ndege kinasema kwamba kwenye usawa wa bahari, juu ya lami kavu na bila upepo, ndege hiyo inahitaji mita 400 kutoka kimo cha futi 50 hadi kusimama kabisa. Tuipeleke kwenye uwanja wetu. Mwinuko unaongeza asilimia 5 kwa kila futi 1,000; tumefika mita 510. Joto linaongeza asilimia 5 kwa kila nyuzi 10 zilizozidi. Tumefika mita 563. Nyasi zimelowa kwa mvua ya usiku, kwa hiyo tunazidisha kwa 1.35 na kupata mita 760. Njia inateremka kidogo, mita 2 kwa kila mita 100, jambo ambalo mtu anayetembea kwa miguu hawezi hata kulitambua. Tunazidisha kwa 1.1, tunapata mita 836. Upepo unaisukuma ndege kutoka nyuma, tena si upepo mkali, ni sehemu moja tu ya kumi ya kasi ya kutua. Tunazidisha kwa 1.2, na hesabu inafika mita 1,000 na ushei.

Mita 400 zimekuwa 1,000, na hakuna kilichoharibika. Breki ni zilezile, injini ni ileile, rubani ni yuleyule aliyetua hapo juma lililopita bila taabu. Uwanja wa mita 900, ambao asubuhi ya kiangazi ulikuwa mkubwa kupita haja, alasiri ya mvua ya masika umekuwa mfupi kwa mita 100, na mita 100 hizo ndizo zinazokwenda kumalizikia kwenye mahindi ya mtu. Mamlaka hiyo hushauri jumla yote izidishwe tena kwa 1.43 ili pabaki akiba. Rubani anayefuata ushauri huo asingekwenda kabisa siku hiyo, na pengine ndiyo sababu hatusikii habari zake: ndege ambayo haikutua haitangazwi.

Bado hatujamweka rubani mwenyewe katika hesabu. Akija na kasi iliyozidi kwa asilimia 10, kwa kuogopa kwamba ndege itakosa nguvu ya kuinuliwa, anaongeza takribani asilimia 20 nyingine. Sehemu ya ongezeko hilo inatokana na tabia ya bawa linapokaribia ardhi: ukaribu wa ardhi hupunguza ukinzani wa hewa unaolivuta bawa nyuma, likateleza kwa ulaini usio wa kawaida, na ndege yenye kasi ya ziada hukataa kushuka, ikawa inaelea kimo cha mtu juu ya nyasi. Kwa kasi ya kilomita 123 kwa saa, sekunde tano za kuelea ni mita 170. Abiria huhisi kama kutua kwa upole sana, huku nje ya dirisha uwanja ukipita.

Kuhusu breki, watu wengi hawajui kwamba muda mfupi baada ya magurudumu kugusa ardhi, breki hazina kazi kubwa. Bawa bado linabeba sehemu ya uzito, magurudumu yanagusa kwa wepesi, na nyasi zilizolowa hazishiki. Rubani akizikanyaga kwa nguvu, magurudumu hufunga na kuteleza, kama bodaboda anayeshika breki ghafla kwenye matope ya Ahero. Tairi lililofunga hushika kidogo kuliko linalozunguka, tena haliongozi tena. Alama ndefu za kuteleza juu ya nyasi ndizo mashahidi wa baadaye kwamba breki zilifanya kazi, na kwamba hazikuwa na cha kushika.

Upepo wa huku una ratiba yake, na anayeifahamu ana faida kubwa. Usiku nchi kavu hupoa kuliko maji, kwa hiyo alfajiri upepo hutoka bara kuelekea ziwani. Kufikia alasiri ardhi imepata joto, upepo unageuka na kuvuma kutoka ziwani kuingia bara. Wavuvi wa Ghuba ya Winam waliotegemea tanga walipanga siku yao kwa ratiba hiyo, upepo wa alfajiri ukiwatoa na wa alasiri ukiwarejesha Dunga. Rubani aliyetua kwenye uwanja wa kando ya ziwa asubuhi akielekea mashariki, uso kwa uso na upepo, akirudi saa tisa alasiri na kutumia upande uleule kwa mazoea, atakuwa amegeuziwa upepo nyuma yake. Mahali pasipo na mnara, kinachomwambia ukweli ni mfuko wa kitambaa unaoning'inia kwenye mlingoti. Na mfuko huo ukiwa umechanika au kuibwa, anabaki kutazama moshi wa majiko, mawimbi ya ziwani na jinsi migomba inavyoinama.

Mvua za radi huongeza hatari ya aina yake. Wakulima wa chai wa Kericho na Nandi, ambao mvua ya mawe huwararulia majani mara kwa mara, wanajua jinsi alasiri tulivu inavyogeuka ndani ya nusu saa. Wingu zito linapoanza kumwaga mvua, hewa baridi hushuka pamoja nayo na, ikifika chini, husambaa pande zote kama maji ya ndoo yaliyomwagwa sakafuni. Ndege inayokaribia uwanja hukutana kwanza na upepo wa mbele, kipima mwendo kikapanda, na rubani akapunguza nguvu ya injini; sekunde chache baadaye anavuka kitovu cha mmwagiko huo, upepo unakuwa wa nyuma, na kasi anayoihitaji inatoweka wakati injini iko chini na ardhi iko karibu. Wingu la namna hiyo si lazima liwe juu ya uwanja wenyewe ili kuleta madhara. Linaweza kuwa kilomita kadhaa kando.

Macho nayo hudanganya, na hudanganya kwa namna inayotabirika. Rubani aliyezoea njia pana na tambarare ya uwanja mkubwa amejifunza, bila kujua, umbo ambalo njia hiyo huwa nalo machoni anapokuwa kwenye kimo sahihi. Akiletewa njia nyembamba, au inayopanda mbele yake, umbo hilo hurefuka, naye huhisi kwamba yuko juu mno. Anashuka. Kumbe alikuwa sawa, na sasa yuko chini, akielekea kwenye miti, ua au ukingo wa mtaro ulio kabla ya uwanja. Njia inayoteremka hufanya kinyume: anahisi yuko chini, anabaki juu, na kuja kugusa katikati ya uwanja wakati nusu ya kwanza imekwisha kupita bila kutumika.

Katika viwanja vya milimani vilivyo na mteremko mkubwa kuna desturi ya kutua kwa kupanda na kupaa kwa kuteremka, bila kujali upepo mwepesi. Kupanda husaidia kusimama, lakini pia hufunga mlango. Katika uwanja wa kawaida, rubani asiyeridhika na jinsi anavyokuja huongeza nguvu, hughairi kutua, huzunguka na kujaribu upya, na hakuna kitendo kinachookoa ndege nyingi kuliko hicho. Mbele ya kilima hali ni tofauti. Injini ya kawaida isiyo na kisukuma hewa (turbo) hupoteza karibu robo ya nguvu zake katika ile hewa ya futi 7,400, na ardhi inaweza kupanda haraka kuliko ndege. Kwa hiyo kuna mahali fulani kabla ya uwanja ambapo uamuzi lazima uwe umekwisha kufanywa, na ukipita hapo, kutua vibaya kunakuwa salama kuliko kujaribu kuondoka. Rubani makini hulichagua eneo hilo mapema: ule mti, ile nyumba ya mabati, ile njia ya miguu. Ajali nyingi za viwanja hivi ni habari ya mtu aliyeghairi akiwa amechelewa, au ambaye hakughairi angali na nafasi.

Mguso wenyewe una mengi, lakini nitataja mawili. Ndege yenye gurudumu la pua ikigusa kwa kasi, hudunda. Rubani kwa hofu akisukuma usukani mbele, gurudumu la pua hutangulia kugusa, ndege hudunda kwa ukali zaidi, na kufikia mdundo wa tatu mguu wa pua huvunjika na propela kulima ardhi. Mguu huo ulitengenezwa kwa ajili ya kuongoza ndege ikiwa chini. Haukukusudiwa kubeba pigo la kutua. Ndege za zamani zenye gurudumu la mkia huepuka tatizo hilo na kuwa na jingine: uzito wake mkubwa uko nyuma ya magurudumu makuu, kama mkokoteni unaosukumwa badala ya kuvutwa, kwa hiyo ikipinda kidogo tu, mkia hutaka kutangulia. Upepo wa ubavuni na shimo la fuko vinatosha kuianzishia mzunguko huo.

Nilipokuwa mtoto, uwanja wa karibu na kwetu ulikuwa malisho. Nyasi zake zilikuwa nzuri kuliko za popote, na hakuna aliyetukataza. Ndege ilipokuja ilipita kwanza chini sana, karibu kugusa pembe za ng'ombe, ikaondoka, ikazunguka na kurudi. Tulidhani rubani anatusalimu, tukampungia mikono. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba alikuwa anakagua uwanja na kutuomba tuondoe mifugo, na kwamba kila sekunde tuliyopoteza kwa kupunga mikono ilimgharimu mafuta. Ng'ombe mmoja njiani anatosha kuua watu. Na si ng'ombe peke yake: kuna kichuguu kilichoota tangu mwezi uliopita, mkondo uliochimbwa na mvua, njia ya mkato iliyokomazwa na pikipiki hadi ikawa mtaro mwembamba unaokata uwanja. Rubani huviona hivi kwa taabu akiwa juu, hasa jua likiwa utosini na vivuli vimetoweka.

Jambo la mwisho linaloila nafasi ni saa. Ikweta inapita Maseno, kwa hiyo jua letu huzama karibu saa ileile mwaka mzima, na giza huingia upesi. Viwanja visivyo na taa hufungwa na machweo. Mvua za radi nazo hupenda alasiri. Abiria aliyekodi ndege kwa ajili ya mazishi, harambee au mkutano aghalabu huchelewa. Hotuba huongezeka, chakula huletwa, na rubani aliyepanga kuondoka saa nane anaondoka saa kumi, akiwa na uwanja mwingine wa kutua kabla ya giza na wingu jeusi upande wa Nandi. Hakuna aliyemwamuru avunje kanuni. Amesukumwa tu mpaka kwenye saa ambayo kila kizidishio kiko upande mbaya. Kama ningeruhusiwa kubadili kitu kimoja, ningebadili hiki: abiria wajue kwamba saa mbili walizochelewa zina urefu wake kwa mita.

Nilisema kwamba watu wengi hunusurika. Sababu yake ni umbali ambao mwili unapewa ili kusimama. Ndege inayopunguza mwendo kutoka kilomita 100 kwa saa hadi sifuri ndani ya mita 10 za mahindi humbana abiria kwa nguvu ya takribani mara 4 ya uzito wake, na mkanda wa mabegani humwezesha kuistahimili. Kasi hiyohiyo ikiisha ndani ya mita moja, kwa kugonga ukingo wa mtaro au kisiki, nguvu hiyo hufika mara 40. Beryl Markham, aliyekulia Njoro katika shamba la baba yake, alivuka Atlantiki peke yake kutoka Uingereza mwezi Septemba mwaka 1936 na injini yake ikakosa mafuta karibu na pwani ya Nova Scotia, Kanada. Magurudumu ya ndege yake yalizama kwenye kinamasi, pua ikachimba chini na mkia ukabaki juu. Alitoka akiwa na jeraha la kichwani, akatembea. Ardhi laini iliivunja ndege na kumwacha yeye.

Hatari kubwa baada ya kusimama ni moto, na hapa wanakijiji wana nafasi kubwa kuliko wanavyodhani. Petroli ya ndege za injini ya pistoni hukaa ndani ya mabawa, na bawa lililochanika huvuja taratibu. Tarehe 31 Januari 2009, watu zaidi ya 100 walikufa Sachangwan, karibu na Molo, walipokusanyika kwenye lori la mafuta lililopinduka. Petroli ya ndege haina huruma zaidi ya ile. Anayekimbilia kusaidia azime sigara na asiwashe pikipiki karibu, na asiguse propela hata ikiwa imesimama, kwa sababu injini hizi hujitengenezea cheche zenyewe na propela ikizungushwa kwa mkono, injini inaweza kuwaka. Watoe watu, wawapeleke upande upepo unakotoka, kisha waache kila kitu kilivyo. Kile kisanduku chenye rangi ya machungwa kilicho mkiani kinatuma ishara ya dharura kwa setilaiti kwenye masafa ya megahezi 406. Mtoto akikichukua kwenda nacho nyumbani, waokoaji huenda wakaelekezwa nyumbani kwao.

Kisha huja wachunguzi. Nchini Kenya kazi hiyo ni ya Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege, iliyo chini ya wizara ya uchukuzi, wala si ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga inayotoa leseni, kwa sababu anayetoa leseni hapaswi kujichunguza mwenyewe. Kanuni wanazofuata zinatokana na Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga wa kimataifa, ambao kiambatisho chake cha 13 kinatamka kwamba lengo pekee la uchunguzi ni kuzuia ajali nyingine, na kwamba si kazi yake kugawa lawama. Ndiyo sababu ripoti zao huwaudhi wanaotafuta mkosaji: zimejaa mita, nyuzi na pembe. Taarifa ya awali hutakiwa ndani ya siku 30.

Wanachosoma kiko ardhini. Alama ya kwanza ya tairi inawaambia ndege iligusa mita ngapi kutoka mwanzo wa uwanja. Urefu wa alama za kuteleza unaeleza habari ya breki. Makali ya propela yaliyojikunja kuelekea mbele yanaonyesha kwamba injini ilikuwa ikivuta kwa nguvu, yaani rubani huenda alikuwa amejaribu kurudi hewani. Yaliyopinda kwenda nyuma tu yanaonyesha kwamba ilikuwa imepunguzwa au imezima. Umati wa watu mia mbili waliokuja kutazama unaweza kufuta nusu ya maandishi hayo kwa nyayo zao ndani ya robo saa.

Lakini umati huohuo unaweza pia kuwa na jibu ambalo ardhi haikulihifadhi. Mahali pasipo na mnara wala kituo cha hali ya hewa, hakuna kifaa kilichorekodi upepo wa dakika ile. Kwa hiyo mchunguzi humwendea mama aliyekuwa akipika kando ya uwanja, au kijana aliyekuwa akichunga, na kumwuliza swali ambalo wao hulishangaa, kwa kuwa walitarajia kuulizwa habari za ndege: moshi wa jikoni ulikuwa unaelekea wapi?